Upana wa Uso wa Mama

Saa ya ukutani ilisema kweli tangu siku ya kwanza, ila hakuna aliyetaka kuisikiliza. Ilikuwa juu ya lango la kiwanda, ndani ya picha, nyuma ya vichwa vya wafanyakazi sabini na wawili, na kwenye skrini mpya ya Nukta ilionekana imelala ubavu kama yai. Saa gani hiyo yenye umbo la yai? Nukta aliiona, akaikodolea macho kidogo, kisha akatazama kwingine. Wapo watu wanaouona moshi wakasema ni ukungu, na siku hiyo yeye alikuwa mmoja wao.

Kazi yake ilikuwa kusafisha picha za zamani. Watu walimletea picha zilizoliwa na mchwa, zilizokunjwa ndani ya pochi miaka ishirini, zilizomwagikiwa chai, naye akazirudishia sura kidogo kidogo kwa kalamu ya kompyuta. Jina la Nukta alipewa shuleni kwa sababu ya kimo chake, likamganda hadi utu uzima. Mteja akilitamka kwa haya, yeye ndiye anayecheka kwanza. Akikaa kwenye kiti chake cha kazi miguu haikufika sakafuni, kwa hiyo chini ya meza aliweka kreti la soda la kukanyagia. Juu ya meza palikuwa na kompyuta mpakato ambayo kioo chake kilipasuka ilipoanguka mwezi uliopita. Roho ilikuwa nzima lakini uso haukuwapo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Akatafuta skrini ya kuunganisha kando, akapata moja iliyokwisha kutumika, pana ajabu, ndefu kama benchi la watu wawili, akaichomeka kwa waya wa zamani uliokuwa wa televisheni. Picha ikatokea, ikajaa kona hadi kona. Alishukuru, wala hakuuliza zaidi.

Skrini pana aliitafuta kwa ajili ya picha hiyo moja. Ilikuwa mali ya chama cha waliokuwa wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, imepigwa kwa kamera ya kuzunguka, ndefu kama mkono wa mtu mzima na kimo chake hakizidi shubiri. Mwaka mto ulipoingia mjini, maji yalifika hadi ofisi ya chama yakala upande wa kushoto. Nyuso saba zilibaki madoa matupu. Sasa walitaka picha isafishwe, ichapishwe kwa upana wa mita nne, itundikwe kwenye ukumbi uliojengwa pale kiwanda kilipokuwa. Aliyeileta alikuwa mwenyekiti wao, mzee mkavu mwenye mgongo ulionyooka, ambaye zamani alikuwa nyapara. Watu wazima wenye wajukuu walikuwa bado wanamwita Mzee Nyapara na kuzima sigara zao akipita.

“Safisha nyuso kwanza,” alisema siku ile, “halafu uteremke miguuni. Kuna makopo, kuna matambara, kuna sijui nini. Ondoa vyote. Tulikuwa tunafagia pale.”

“Nitaondoa, mzee.”

Alimtazama Nukta alivyoning'inia kwenye kiti, akatabasamu upande mmoja. “Wewe usingepata kazi kwetu, mwanangu. Mlangoni tulichora mstari mwekundu. Asiyeufikia kwa kichwa hapewi mtambo wa kufuma, anapewa ufagio. Mitambo ilikuwa mirefu, nyuzi ziko juu. Hatukuwa na mzaha.”

“Basi ningefagia,” alijibu Nukta, wakacheka wote wawili.

Hakumwambia yule mzee kwamba ndani ya picha ile, upande wa kulia, wa pili kutoka mwisho, alikuwamo mama yake mzazi; mahali hapo alitajiwa na mama mdogo tangu utotoni. Alifariki Nukta akiwa na mwaka mmoja na nusu. Picha zake zilizokuwa nyumbani zilikwenda na maji yaleyale, sanduku zima, na tangu hapo uso wa mama ulibaki mdomoni mwa mama mdogo peke yake. Mama mdogo ndiye aliyemlea. Alikuwa mwanamke mwema asiye na maneno mengi, lakini kila alipomsuka nywele au kumpima sare ya shule alisema jambo lilelile: “Wewe umemtoa baba yako mzimamzima. Mama yako alikuwa mrefu, kanyooka. Kwako hakuacha hata ukucha.” Hakuwa na nia mbaya. Ila mtoto akisikia neno hilo miaka kumi, linaota ndani yake. Nukta alikua akijihesabu kuwa mtu aliyepitishwa tu tumboni mwa mwanamke fulani, kama barua ipitavyo posta.

Sasa fikiria siku aliyoikuza ile pembe ya kulia kwenye skrini mpya. Uso ulikuwa na ukungu kidogo, kingo zake zimelegea, lakini ulikuwapo. Ulikuwa mpana. Mashavu yamejaa, pua imetanda, macho yameachana, paji limekaa kama la mtu aliyeshiba. Nukta aliinuka, akaenda kuchukua kioo cha mkononi, akakiweka kando ya skrini, akatazama huku na huku. Mashavu hayahaya, na pua hiihii.

“Kumbe,” alisema kwa sauti ndani ya chumba kitupu. “Kumbe mama!”

Akalia. Alilia vizuri, kwa raha, kama mtu aliyetua mzigo baada ya safari ndefu. Na ilikuwa ni katika kufuta machozi ndipo jicho lake lilipoiangukia ile saa iliyolala kama yai. Ndani ya Nukta kulikuwa na fundi mwenye uzoefu wa miaka kumi na mitano aliyeshtuka, na kulikuwa na mtoto aliyemziba fundi mdomo. Kamera za kuzunguka zina vituko vyake, alijiambia. Au labda saa ilitengenezwa hivyo. Akaendelea na kazi.

Wiki mbili alishinda kwenye upande wa kushoto, akijenga zile nyuso saba kwa kubahatisha kutoka kwenye mabaki: sikio lililopona, nusu ya mdomo, kivuli cha pua. Mmoja wao alikuwa mdogo wake Mzee Nyapara, aliyekufa zamani kwa ugonjwa wa kifua. Nukta alimchora macho kwa uangalifu wa sonara, mboni za duara kamili, akachapisha kipande cha kwanza cha mita moja, akampigia mzee aje akione.

Mzee alifika asubuhi. Alivaa miwani, akaishika karatasi kwa ncha za vidole, akasoma nyuso moja baada ya nyingine huku akitaja majina kimyakimya. Alitabasamu alipojifikia mwenyewe. Alipomfikia mdogo wake, tabasamu lilikatika.

“Macho haya,” alisema. “Mbona ya paka?”

Nukta alisogea. Kwenye karatasi, mboni alizozichora duara zilikuwa zimebanwa pande mbili, zimesimama wima. Uso wote wa marehemu ulikuwa umefinywa, kama mtu aliyechungulia kupitia mlango uliofunguka kidogo. Wale sita wengine aliowachora walikuwa hivyohivyo. Wale ambao hakuwagusa walikuwa salama.

“Lakini humu ndani ni sawa,” alisema haraka, akageukia skrini. “Ona, mzee. Humu macho yake ni mazuri.”

Mzee Nyapara aliinama mbele ya skrini. Hakumtazama mdogo wake. Alinyoosha kidole kwa mtu wa kando. “Na huyu bonge ni nani?”

“Ni wewe, mzee.”

“Mimi?” Mzee alijitazama muda mrefu, kisha akaiweka karatasi kando ya skrini, mtu mmoja mara mbili: kwenye karatasi kijana mwembamba kama fito, kwenye skrini kijana aliyenona. “Mwanangu, mimi tangu nizaliwe sijawahi kuwa na shavu. Karatasi inanijua. Hii skrini yako hainijui.”

Nukta alikuwa amekwisha kuelewa, na aibu ilimpanda kwa sababu hakufikiria kwanza kazi iliyoharibika, wala zile nyuso saba, wala jina lake kama fundi. Jicho lake lilikwenda lenyewe pembeni kulia, kwenye uso mpana wa mama, likasimama hapo.

“Shemeji yangu anakuja Ijumaa,” alisema mzee, akikunja miwani. “Mke wa huyu marehemu. Hajauona uso wa mumewe tangu maji yale. Nimemwahidi. Nisije nikamwonyesha paka.” Alisema bila hasira, akapanga shati lake, akaondoka.

Fundi wa kompyuta alikuwa na kibanda ng'ambo ya barabara, kimejaa mashine zilizofunguliwa matumbo. Hakuhitaji hata kuja kuona. “Unatumia waya gani?” aliuliza. Nukta alimtajia. Fundi akapiga ulimi. “Dada, skrini yako inataka vitone elfu tatu mia nne na arobaini kwa upana. Waya ule wa televisheni ni mkongwe, na tundu ulilouchomeka ni la zamani vilevile. Vinapita elfu moja mia tisa na ishirini, basi. Sasa skrini ifanyeje? Inavivuta vichache ilivyopewa ijaze nafasi yote. Ndiyo maana kila kitu kinanenepa, na kinakuwa na ukungu.”

“Kwa hiyo skrini ni mbovu?”

“Skrini nzima kabisa. Waya ndio mchoyo.” Akavuta mfuko wa nailoni kutoka kwenye ndoano. “Chukua huu. Chomeka kwenye lile tundu dogo la kando, kama la kuchajia simu. Kisha ingia kwenye mipangilio, uchague ile namba kubwa kuliko zote. Nije nikuwekee?”

“Hapana,” alisema Nukta. “Nitaweka mwenyewe.”

Aliupeleka ule waya nyumbani, akautia kwenye droo ya meza, akaifunga.

Siku tatu waya ulikaa humo. Siku ya kwanza alijiambia kwamba anamalizia kazi ndogo ya mteja mwingine. Siku ya pili alijaribu ujanja: aliyachora macho ya marehemu kwa makusudi yawe mapana kwenye skrini, ili yakichapishwa yarudi duara. Lakini mkono uliozoea kulifuata jicho haukukubali kulidanganya. Kila alichokichora kilitoka na uso wa mtu anayeigiza. Siku ya tatu hakuchora kitu. Alikaa mbele ya mama yake na kioo cha mkononi mapajani, akamtazama, naye mama akamtazama kupitia ule ukungu wake. Alijua anachokifanya. Alijua kwamba uso ule haukuwahi kuwa wa mtu yeyote duniani, kwamba umeundwa na waya wa televisheni na tamaa yake mwenyewe. Akaupenda hivyohivyo. Asiyewahi kunyimwa ndiye atakayemcheka.

Kilichomshinda hakikuwa ukweli. Ukweli angeweza kuufungia kwenye droo mwaka mzima. Kilichomshinda ni yule mwanamke asiyemjua, shemeji wa mzee, ambaye pengine wakati huo alikuwa anaipiga pasi nguo yake ya kuja nayo Ijumaa. Na yeye sanduku lake lilikwenda na maji. Na yeye alikuwa amengoja uso. Je, ana haki gani Nukta ya kujipa mama kwa kumnyima mwenzake mume?

Alhamisi asubuhi alifungua droo.

Waya uliingia kwenye tundu dogo kwa mlio mfupi. Skrini ikazimika, ikawaka, ikarudi na sura ileile. Kompyuta ilikuwa bado imeshikilia mazoea yake ya zamani. Akaingia kwenye mipangilio. Namba zilikuwa zimepangwa kama ngazi, na juu kabisa kulikuwa na ile ambayo wiki zote mbili haikuwapo. Aliibonyeza huku amezuia pumzi. Skrini ikawa nyeusi kwa muda wa kupepesa, kisha ikafunguka.

Katikati kikatokea kisanduku chenye maandishi: Ubakize mpangilio huu? Usipojibu, utarudi ulivyokuwa baada ya sekunde kumi na tano.

Saa ya lango ilikuwa duara. Ndicho kitu cha kwanza alichokiona, duara safi, mishale yake ikionyesha saa kumi na dakika ishirini. Sekunde kumi na mbili. Kumi na moja. Akageuza macho kulia. Pale aliposimama mama yake palikuwa na mwanamke mwingine. Uso mwembamba, kidevu kilichochongoka, mashavu yameingia ndani, pua kama imechorwa kwa rula. Sita. Tano. Nukta aliweka kidole kwenye kitufe, kidole kikakataa. Alimtazama mwanamke yule akitafuta shavu moja tu, pua tu, chochote. Mbili. Moja. Skrini ikawa nyeusi, ikafunguka tena, na mama yake mpana akarudi na ukungu wake, ametulia, kama mtu aliyetoka nje mara moja kufunga mlango wa uani.

“Samahani,” alimwambia. “Samahani, mama.”

Alibonyeza mara ya pili. Safari hii hakungoja namba ziteremke. Alipoona tu kile kisanduku akabonyeza Bakiza, kwa nguvu, kisha akasukuma kiti nyuma, akaufunika uso wake kwa mikono miwili.

Uchungu ule haukuwa mdogo. Mara ya kwanza alipofiwa na mama hakujua lolote, alikuwa mtoto wa kunyonya. Mara hii alikuwa mtu mzima mwenye akili ya kujua anachokipoteza. Maneno ya mama mdogo yakarudi yakakaa mahali pake: kwako hakuacha hata ukucha. Kumbe alisema kweli tu.

Lakini kazi haina huruma, na wakati mwingine hiyo ndiyo huruma yake. Mchana ule alifuta nyuso zote saba, akaanza upya, mdogo wake Mzee Nyapara akiwa wa kwanza. Ukungu ulikuwa umeondoka. Vitu ambavyo awali vilikuwa vivuli sasa vilikuwa na kingo: mshono wa kola, kifungo kilichokatika, chembe za pamba kwenye nywele za watu. Chini ya jicho la kushoto la mdogo wake Mzee Nyapara, pembezoni mwa doa la maji, ilijitokeza nukta nyeusi ambayo Nukta alitaka kuifuta kama uchafu. Akasita, akaiacha.

Shemeji alikuja Ijumaa na mzee. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, amevaa gauni la bluu lenye mikunjo ya pasi. Alipita nyuso moja moja mpaka alipoufikia ule uso. Akanyoosha kidole, akagusa skrini chini ya jicho la kushoto.

“Chunjua lake,” alisema. “Hata mimi nilikuwa nimelisahau.”

Akakaa kitini. Mzee Nyapara alitazama dirishani muda mrefu kupita kiasi. Walipoondoka, shemeji aliushika mkono wa Nukta kwa mikono yake miwili, na Nukta akajua kwamba kuuacha ule waya ndani ya droo kungekuwa dhambi.

Wiki mbili baadaye nyuso zote zilikuwa tayari, ikabaki miguu. Jumamosi alianzia kushoto na kuelekea kulia, akiondoa makopo, matambara, kamba, ganda la sigara, alivyoagizwa. Kazi ya miguuni haina heshima, lakini inataka subira. Saa tano alifika mwisho wa mstari. Chini ya mwanamke mwembamba kulikuwa na weusi aliokuwa ameuchukulia kuwa kivuli. Aliukuza ili aufute.

Haukuwa kivuli. Ulikuwa mbao, mbao tatu zilizopigwa misumari, na kwenye ubao wa kati maandishi ya rangi yaliyofifia: NYUZI. Kreti. Juu ya kreti kulikuwa na viatu viwili vilivyochakaa, visigino vimeinuliwa, vidole tu ndivyo vilivyogusa. Mwanamke alikuwa amesimama juu ya kreti, na juu ya kreti amesimama kwa ncha za vidole. Nukta akapandisha macho taratibu, goti, sketi, kiuno. Pale kiunoni, kutoka nyuma, vilionekana vidole vinne vya mtu mwingine vimeukamata mkanda wa aproni. Mwenye vidole alikuwa msichana mrefu wa mwisho kabisa kwenye mstari, amekaza uso mbele kama mtu asiyejua lolote. Nukta aliujua uso huo. Amekula wali mezani mbele yake miaka thelathini na minane.

Alimpigia simu mama mdogo aje.

Mama mdogo aliingia na kikapu cha sokoni, akalalamika juu ya jua, akalalamika juu ya ngazi, akatafuta miwani yake, ikawa iko kichwani. Nukta alimkalisha mbele ya skrini. “Mtazame,” alisema.

“Dada,” alisema mama mdogo papo hapo, kwa sauti ambayo Nukta hajawahi kuisikia kinywani mwake, sauti ya mtoto. “Dada jamani, ni yeye. Si nilikwambia? Kanyooka.”

“Mama mdogo, mama alikuwa mrefu?”

“Mrefu.”

Nukta aliteremsha picha hadi miguuni. Mama mdogo akaliona kreti. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akaivaa tena, kreti likawa bado lipo.

“Aliniapisha,” alisema mwishowe. “Kulikuwa na mstari mwekundu mlangoni. Mimi niliufikia bila taabu. Yeye siku ya kupimwa alitia vitambaa ndani ya viatu, akafunga nywele juu kama mnara, akapita. Miaka mitatu aliufanyia kazi mtambo wake juu ya kreti, na nyapara akija ananiita nilisogeze kwa mguu. Siku ya picha akaniambia, hawa wataitundika ofisini, watanilinganisha na wewe, watanitoa. Nishike nisianguke. Nikamshika. Ile kamera ilikuwa inazunguka polepole, mwanangu! Mkono ulikufa ganzi.”

“Lakini mimi? Mimi miaka yote uliniambia...”

“Niliapa. Na halafu...” Mama mdogo alitafuta neno. “Alikuwa dada yangu mkubwa. Mimi nilipokuwa na miaka minne yeye ndiye aliyekuwa ananibeba. Kwangu alikuwa mrefu. Hata huo mwaka nilipompita kimo, sikuona.”

Nukta aliinamisha macho. Miguu yake chini ya meza ilikuwa imekaa juu ya kreti la soda, pale ilipokaa kila siku. Mama mdogo aliyafuata macho yake, akainama, akachungulia chini ya meza, akabaki ameinama hivyo kwa muda. Alipoinuka, mashavu yalikuwa yamelowa.

“Sasa lifute,” alisema. “Si ndiyo kazi yako? Lifute kabla Nyapara hajaliona.”

“Kiwanda kimekufa, mama mdogo. Hata mstari wenyewe haupo.”

“Najua kimekufa. Mimi sikuapa kwa kiwanda.”

Nukta alishika kalamu. Alikuwa amefuta makopo, kamba na matambara ya watu sabini. Lilibaki hilo moja, na ilikuwa kazi ya dakika tatu.

“Naweza kulitoa,” alisema. “Lakini nikilitoa, viatu vyake vitabaki hewani. Atakuwa anaelea. Nikitaka akanyage chini itabidi nimteremshe, na nikimteremsha kila mtu ataona.”

Mama mdogo alikitazama kile kitu kidogo cha mbao, akavitazama vidole vyake mwenyewe, vinne, vichanga, vimeng'ang'ania mkanda wa aproni. Nje muuza magazeti alipita akitangaza. Juu ya lango la kiwanda ilikuwa saa kumi na dakika ishirini.

“Alikuwa mzito,” alisema polepole. “Nilidhani nitamwachia.”

Akauweka mkono wake juu ya mkono wa Nukta ulioshika kalamu, akausogeza kando.

“Basi mwache,” alisema. “Mwache asimame.”